Soya ya Mistari ya Pembeni

Sufuria lilikuwa bado lina joto polisi walipofika. Ndilo jambo la kwanza Koplo Roseline Apondi wa upelelezi, Homa Bay, aliloandika kwenye daftari lake: Jumanne, 14 Julai 1998, saa tisa na dakika kumi alasiri, sufuria la nyoyo ya mahindi, limebaki nusu, lina joto.

La pili lilikuwa maiti. Nashon Okumu, seremala, miaka thelathini na minane, alilala chali kwenye sakafu ya nyumba yake pale Lambwe. Midomo ilikuwa imefura, macho yamezibwa na uvimbe, na kola ya shati imekatwa kwa kisu. Aliyeikata ni mkewe, Nyakerario, akimtafutia mumewe hewa ambayo koo lilikuwa limekwisha kuikataa.

"Amekula nini?" Roseline aliuliza.

"Nyoyo. Mahindi na soya." Nyakerario alikuwa bado ameshika kile kisu. "Tumekula sote, afande. Mimi, watoto, yeye. Vijiko saba hivi, akasema koo inamwasha. Akaomba maji. Hakuyameza."

"Saa ngapi?"

"Redio ilikuwa imemaliza habari za saa saba. Saa saba na nusu, na kitu."

Watoto wawili walikuwa mlangoni, wazima kabisa, mmoja bado analamba vidole.

Lambwe nzima ilijua Nashon hagusi maziwa. Harusini aliletewa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa kikombe chake mwenyewe. Mwaka wa tisini na tatu mtu alimkorogea strungi kwa kijiko kilichotoka kwenye chai ya maziwa, akalala hospitali siku mbili. Kwa hiyo kaka yake Obare alipofika jioni kutoka Mbita, alikokuwa akitengeneza mashua tangu Jumapili, hakuhitaji daktari.

"Huyu mwanamke wa Kisii amempa ndugu yangu maziwa," alisema mbele ya watu wote. "Na kaburini hatakanyaga."

Siku tatu baadaye, Ijumaa tarehe 17, simu ililia kituoni. Sauti ya mwanamume haikutaja jina. Ilisema: tazameni nyuma ya ghala la mahindi kwa Nashon. Polisi walitazama. Chini ya magunzi palikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefunguliwa, limepungua robo. Nyakerario alifungwa pingu huku waombolezaji wakitazama.

Jumanne tarehe 21 karatasi za maabara zikafika kutoka Kisumu, na Inspekta Onyancha, mkuu wa upelelezi, akazigonga mezani kwa furaha.

"Protini ya maziwa, ndani ya sufuria! Roseline, hii faili imejipika yenyewe. Jumatatu tunampeleka kortini. Mauaji."

Kwa mauaji adhabu ni kitanzi, na wanaonyongwa kwa faili zilizojipika zenyewe huwa hawana shamba la kuuza wapate wakili.

"Umesoma ukurasa wa pili, sir?"

"Wa kwanza unatosha."

Roseline aliuchukua ukurasa wa pili, akausoma amesimama. Ulikuwa na mistari miwili. *Sukari ya maziwa: haipo. Mafuta ya maziwa: hayapo.*

Alikuwa amekulia kwenye nyumba iliyouza maziwa. Alijua maziwa yanavyoongezwa maji, unga, hata chumvi. Lakini maziwa yaliyopokonywa sukari na mafuta yakabaki protini tupu, hayo hakuwahi kuyasikia. Akapiga simu Kisumu.

"Nami nilishangaa," mkemia alisema. "Ungekuwa unga wa kopo, sukari ingebaki. Kopo lenyewe mliloleta nimelipima, lina sukari na mafuta tele. Hiyo ya sufuria haikutoka kwenye hilo kopo."

"Sasa ilitoka wapi?"

"Wewe uliza ilikuwa wapi. Mchuzi ulikuwa nayo kidogo. Mahindi, juu juu tu. Lakini nilichukua punje ya soya, nikaiosha, nikaikata katikati. Imejaa, koplo. Protini ya maziwa imo ndani ya punje. Hakuna mpishi anayeweza kuiingiza humo."

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Niliandika barua nzima. Inspekta wenu akaniambia nisiwachanganye mahakimu."

Roseline aliweka simu chini, akaenda moja kwa moja seli ya wanawake.

Nyakerario alikuwa ameketi na mgongo ukutani. Siku nne zilikuwa zimemkausha uso.

"Dada afande, umekuja kuniuliza tena kama nilimpenda?"

"Nimekuja kukuuliza soya ulinunua wapi."

Mwanamke akaondoa mgongo ukutani. "Mmeniuliza kila kitu. Mmeniuliza kama nina mwanamume Kisii. Hiyo hamkuniuliza."

"Basi nauliza leo."

"Sikununua. Nilivuna kwa Waya."

Kwa Waya palikuwa shamba la ekari sita upande wa mbuga ya Ruma, limezungushiwa seng'enge safu mbili, na kibao kisicho na jina la mtu. Lambwe imezoea wageni wa gari jeupe. Wa mbung'o walikuja na ndege ya kumwaga dawa, wakasema dawa haidhuru watu, ila watu wafunike visima. Wa pamba walikuja, wakaondoka na pamba. Hawa wa soya walisema wanajaribu chakula cha kuku, na hakuna aliyewauliza kuku gani anafugiwa waya mkali hivyo.

"Nani mkubwa pale?" Roseline aliuliza.

"Daktari Gisiri. Ofisi yake iko Migori. Muulize Filister, tulivuna naye. Alipanda pia." Kisha akaongeza, polepole: "Afande. Ile soya nilimpikia kwa sababu alikuwa amechoka na omena, dagaa kila siku. Niambie kama ni mimi."

"Wewe ulipika. Aliyeua ni mtu mwingine."

Lakini nani? Jumatano asubuhi Roseline alianza na aliyepiga kelele zaidi. Alimkuta Obare chini ya turubai la matanga, mbele yake daftari la wageni, kalamu imefungwa kwa uzi.

"Ndugu yako akifa na mkewe akinyongwa, shamba la barabarani linakuwa la nani?"

Obare alisimama. "Madam, usinitukane nyumbani kwangu."

"Sijakutukana. Nimeuliza."

"Linakuwa la watoto! Nami ndiye nitawalea! Mimi nilikuwa Mbita mpaka Jumanne jioni, waulize wenye mashua."

"Nimewauliza. Kweli ulikuwepo." Aliketi. "Lakini kopo liliwekwa baadaye. Jumanne polisi wetu walipekua hilo ghala na magunzi yote, hapakuwa na kitu. Ijumaa kopo lipo. Kati ya siku hizo uliondoka hapa?"

"Niondoke niende wapi na maiti iko mochari?"

"Kopo lina kibandiko cha bei cha duka la Migori. Nani alitoka Migori?"

Obare akafungua daftari la wageni. Akalisukuma mbele. Roseline alipitisha kidole kwenye majina: Mbita, Asumbi, Rangwe, Mbita, Homa Bay. Migori ilikuwa moja tu. *C. Gisiri, Migori, Alhamisi 16/7, saa nane mchana.*

"Yule daktari wa Waya," Obare alisema. "Alileta sukari kilo kumi na majani ya chai. Tulisema huyu mtu ana utu, kumkumbuka mume wa kibarua wake. Akauliza maswali kama wewe. Marehemu alikula nini, nyoyo ilibaki, ni kweli maziwa yalikuwa yanamdhuru? Nikamwambia vile nilijua."

"Kisha?"

"Kisha akaomba choo."

"Choo chenu kiko wapi?"

Obare aligeuka. Aliangalia ghala, akaangalia kile kibanda cha mabati nyuma yake.

"Nyuma ya ghala," alisema.

Filister alikuwa anapepeta mtama kwake, umbali wa kuvuka mto mdogo. Mwanamke mnene, mwenye mdomo.

"Polisi wa kike! Leo umekuja kunishika na mimi? Ngoja nivae viatu, nisiingie seli na miguu ya vumbi."

"Keti, mama. Nieleze mavuno ya kwa Waya."

"Hiyo ilikuwa vita." Filister aliweka ungo chini. "Sisi kumi na watatu. Daktari anasema jioni mnalipwa, mnapekuliwa, mnatoka mikono mitupu. Mikono mitupu! Hapa mtu akikuvunia, jioni anabeba kitu cha jikoni. Hata mjane asiye na kitu anakupimia kisahani. Ukimrudisha mvunaji mtupu umemwambia yeye ni mwizi. Siku ya tatu tukaketi chini. Soya imekauka, inapasuka yenyewe, na sisi tumeketi tunasukana nywele."

"Akafanya nini?"

"Akazunguka kama kuku. Mwisho akasema, haya, mistari ya pembeni ni yenu, ile minne ya karibu na waya. Hiyo ni soya ya kawaida, ni ukuta tu wa kuzuia upepo. Ilikuwa ichomwe. Vuneni, mnyamaze."

"Na kweli ilikuwa ya kawaida?"

Filister akacheka bila furaha. "Mimi nilipanda mwezi wa tatu. Mbegu ya pembeni ilikuja kwa gunia la bluu. Ya katikati, gunia jeupe lenye kufuli. Ile ya bluu ikaisha, tumepanda mistari miwili peke yake. Nikamwambia, Daktari, imeisha. Akasema malizieni na nyeupe, wageni wanakuja kesho kupiga picha, wasikute pengo. Alifungua kufuli yeye mwenyewe."

Roseline aliandika kila neno, kisha akamsomea, na Filister akaweka dole gumba.

"Mistari miwili ya mwisho alivuna nani?"

"Mimi na Nyakerario. Kisha zote tukazimwaga pamoja, kila mtu akapima debe." Uso wa Filister ukabadilika. "Na mimi nimekula, afande. Sikufura."

"Maziwa unakunywa?"

"Kama ndama."

"Ndiyo maana. Imebaki ngapi?"

"Karibu debe zima. Naweka mbegu ya mwezi wa nane."

"Usipande. Vaa hivyo viatu. Ijumaa tunaenda Migori."

Saa nne asubuhi, Ijumaa tarehe 24, walipanda ngazi za jengo la ghorofa moja mjini Migori. Chini palikuwa na duka la vyakula, na vibandiko vya bei vilivyokuwa kwenye makopo yake Roseline hakuhitaji kuviangalia mara mbili. Inspekta Onyancha alikuja naye, amenuna. Mkemia alikuwa amemtumia barua ya pili, safari hii nakala ikaenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya.

Daktari Chrispine Gisiri aliwakaribisha kwa soda. Mtu mrefu, mpole, shati limepigwa pasi. Ukutani palikuwa na ramani ya mashamba ya tumbaku ya Migori, mengi yamepakwa rangi ya kijani.

"Ni jambo la kusikitisha," alisema. "Nilienda kutoa pole. Ni kosa?"

"Si kosa," Roseline alisema. "Uliuliza alikula nini. Kwa nini?"

"Binadamu huuliza."

"Na mistari ya pembeni kwa Waya, ilikuwa soya gani?"

"Ya kawaida. Inauzwa kila soko. Imeandikwa kwenye ripoti yangu."

"Vizuri. Hiyo imetutoa wasiwasi. Mama Filister, weka hapo."

Filister aliweka kikapu mezani, akakifunua. Soya, njano, safi, imechambuliwa.

"Wamama wanangoja vuli," Roseline aliendelea. "Wote kumi na watatu wameweka mbegu. Mimi nilikuwa nimewazuia, lakini kwa kuwa unasema ni ya kawaida, leo nawaruhusu. Filister atapanda nusu ekari. Dada yake wa Asumbi amechukua kidogo. Nyingine itaenda sokoni Jumatatu, si ndiyo?"

"Magunga," Filister alisema. "Na Mbita kama bei ni mbaya. Watu wa visiwani wanapenda soya."

Gisiri alikuwa ameacha kunywa.

"Hapana haja ya kupanda," alisema. "Kampuni itawanunulia mbegu bora."

"Hii ni nzuri," Filister alisema. "Tazama ilivyo nono. Hata mbegu ya kugawia kanisa itapatikana."

"Nitainunua yote. Leo."

"Soya ya kawaida, Daktari?" Roseline aliuliza. "Ya kila soko?"

"Asumbi alichukua kiasi gani?" Sauti ilikuwa imepanda. "Huyo dada, amechukua kiasi gani? Ameshapanda? Ameshapika? Kuna shule ya bweni kule, kuna wasichana mia ngapi, hujui nani kati yao..." Akanyamaza.

Chini dukani mtu alikuwa anaburuta kreti.

"Malizia," Roseline alisema. "Hujui nani kati yao hagusi maziwa."

Inspekta Onyancha aliweka chupa ya soda chini, taratibu, kana kwamba ingeweza kulipuka.

"Hakuna iliyokwenda Asumbi," Roseline alisema. "Debe zote tulizozipata ziko kituoni, zimefungwa. Lakini Nashon hakupata mtu wa kumpigia kelele kama ulivyopiga sasa. Eleza ni nini hii."

Gisiri alijifuta uso. Alipoanza kueleza, upole ulikuwa umerudi kidogo, kama mwalimu aliyepata darasa.

"Ng'ombe anatengeneza maziwa kwa maagizo yaliyo mwilini mwake. Yanaitwa jeni. Kampuni ilichukua jeni ya kasini, ile protini inayoganda ikawa jibini, ikaiingiza kwenye soya. Punje inakua na protini ya maziwa ndani. Bila ng'ombe, bila malisho, bila kupe. Unajua ni watoto wangapi duniani hawapati maziwa? Wakulima wa hapa wangeacha tumbaku. Ekari elfu nne, nimezichora pale ukutani!"

"Kwa nini hukuwaambia wavunaji?"

"Wangeogopa."

"Nashon alikuwa na haki ya kuogopa. Kwa nini Lambwe na si ng'ambo kwa wenye kampuni?"

"Kwao kuna sheria, kuna ruhusa, miaka mitano. Hapa sheria ilikuwa bado inaandikwa."

"Endelea. Alhamisi."

"Karani wa shamba alinipa habari, mume wa kibarua amefura akafa. Nilijua kabla sijafika. Ripoti yangu ilikuwa imekwisha kwenda kwa kampuni: hakuna punje iliyotoka nje ya waya. Kama wangejua niliwapa vibarua, na mistari miwili ilikuwa ya gunia jeupe, wangefunga kila kitu. Ningerudi kufundisha kemia. Kila mtu pale matanga alikuwa anasema mke amempa maziwa. Mimi sikubuni hilo. Walikuwa wamekwisha kumhukumu."

"Ukawaletea kopo, kesho yake ukapiga simu."

"Nilidhani ataachiliwa. Bila shahidi..."

"Wangemnyonga," Roseline alisema. "Ukiwa hapa juu unapaka ramani rangi. Alama za vidole za lile kopo ziko Nairobi, na leo tutachukua zako. Simama."

Gisiri alisimama. "Ni mtu mmoja," alisema, karibu kwa kubembeleza. "Kwa kitu kinacholisha mamilioni, ni mtu mmoja, na ni bahati mbaya."

Filister alikuwa anafunika kikapu chake. "Mtu mmoja alinitengenezea kitanda," alisema. "Anaitwa Nashon. Wewe ulipeleka sukari kwake, hukuuliza jina?"

Alasiri hiyo Onyancha na Roseline walikaa na kitabu cha sheria kati yao. Kutengeneza ushahidi wa uongo: kifungu kipo. Kusababisha kifo kwa uzembe: kipo, mawakili wa kampuni watakipigania mwaka mzima. Kupanda jeni ya ng'ombe kwenye shamba la watu na kuwalisha bila kuwaambia: walifungua mpaka jalada la nyuma, hakuna. Jioni ile ile lori jeupe lilionekana kwa Waya likipakia nguzo za seng'enge. Debe kumi na moja zilikuwa kituoni. Ya kumi na mbili ililiwa yote, ikashuka salama. Ya kumi na tatu mwenyewe alikuwa ameiuza kwa mwanamke aliyepanda boti pale Mbita, na hakumjua.

Nyakerario aliachiliwa Jumamosi saa tano na nusu asubuhi. Pikapu ilikuwa inamngoja nje ya mochari, jeneza limekwisha kupakiwa, Obare amesimama kando, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema. "Hatukuzika. Tulikungoja." Akafungua mlango wa mbele.

"Nitakaa nyuma na yeye," Nyakerario alisema. Kisha akamnyooshea Roseline karatasi ya mochari. "Kibali cha mazishi. Nisomee, dada. Kimeandikwa amekufa na nini?"

Roseline alisoma. "Aleji kali."

"Ya nini?"

"Hawakuandika."

Nyakerario aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akamrudishia.

"Siku nane nimekaa seli, na karatasi ya kuniokoa ikasomwa nusu. Hii nayo ni nusu. Waandike ya nini, na ilitoka kwa nani."

"Daktari aliyeandika ameenda kula," karani wa mochari alisema kutoka dirishani. "Atarudi saa nane. Mama, jua ni kali, mwili utaharibika. Si mzike tu, karatasi mtafuata baadaye?"

Nyakerario alipanda nyuma ya pikapu, akaketi kwenye ubao, akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Zima gari, Obare," alisema.

Obare alizima. Filister akaja na leso mbili, moja akafunika jeneza, nyingine akaishika juu ya kichwa cha mjane. Waliokuja mazishini kwa miguu kutoka stendi walifika mmoja mmoja, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakasimama. Saa saba walikuwa wamejaa ua mpaka kwenye lango. Saa nane kasoro dakika ishirini daktari alitokea, anapangusa mdomo, akawaona, akapunguza mwendo. Roseline alimpa kalamu yake mwenyewe.